JUA NA MWEZI KATIKA HADITHI NA KATIKA SAYANSI

1. Utangulizi

Kila siku asubuhi jua huchomoza upande wa mashariki. Ukiwa Ruangwa mjini, au katika kijiji chochote cha Nachingwea, utaliona likipanda juu ya mikorosho, likikaribia utosi wakati wa adhuhuri, kisha likishuka upande wa magharibi mpaka litue. Usiku huonekana mwezi, lakini mwezi hauna umbo moja siku zote. Siku nyingine ni mwembamba kama ukucha, siku nyingine ni mviringo kamili, na siku nyingine hauonekani kabisa.

Watu wa kila nchi wameyaona mambo haya, nao wameuliza maswali. Jua huenda wapi usiku? Kwa nini mwezi hupungua, kisha ukarudi? Yale madoa meusi katika uso wa mwezi ni nini? Mbona siku nyingine jua hutiwa giza mchana kweupe?

Zamani, kabla ya kuwapo darubini, watu waliyajibu maswali haya kwa hadithi. Katika somo hili tutasoma baadhi ya hadithi hizo, kisha tutafanya majaribio kwa vitu tulivyo navyo nyumbani na shuleni. Tutaona kwamba msimulizi wa hadithi na mwanasayansi huanza kazi yao mahali pamoja, yaani kutazama mbingu kwa makini. Wanatofautiana katika jambo moja: mwanasayansi akipata jibu, hulipima. Kama kipimo kinalikataa jibu, huliacha na kutafuta jingine.

*Tahadhari: Usilitazame jua moja kwa moja kwa macho yako wakati wo wote wa somo hili. Jicho laweza kuungua kwa ndani pasipo wewe kusikia maumivu, na jicho lililoungua hivyo huenda lisipone.*

2. Jua na mwezi katika lugha na maisha yetu

Saa za Kiswahili zinafuata jua. Saa 1 asubuhi ni saa moja tangu mchana ulipoanza, na saa 1 usiku ni saa moja tangu usiku ulipoingia. Hesabu hii inatufaa kwa sababu tunakaa karibu na ikweta. Nachingwea iko nyuzi 10 hivi kusini ya ikweta. Huko, mchana mrefu kuliko yote katika mwaka unauzidi mchana mfupi kuliko yote kwa kama saa moja na dakika 12 tu.

Neno "mwezi" nalo lina maana mbili. Ni kile kitu king'aacho mbinguni usiku, tena ni muda wa siku 30 hivi. Maana hizo mbili ni za asili moja, maana wazee walihesabu siku kwa kuutazama mwezi. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa wanakaa Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde na watu wengine. Wayao huuita mwezi *mwesi*, na Wamakua huuita *mweri*. Maneno haya yanaonyesha undugu wa lugha zetu, na yanaonyesha pia kwamba watu wameutazama mwezi na kuupa jina tangu zamani sana.

Waislamu hufuata mwezi katika kuhesabu miezi ya dini. Mwezi mmoja mwandamo ni siku 29 au 30, na miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354 hivi. Mwaka wa jua una siku 365. Kwa hiyo mwezi wa Ramadhani husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, nao huweza kuangukia wakati wa masika au wakati wa kiangazi. Lakini mkulima wa ufuta, mbaazi au mihogo hufuata mwaka wa jua, kwa sababu mvua za kwetu huja kwa kufuata jua. Huanza mwezi wa Novemba au Desemba, na hukoma Aprili au Mei.

Wavuvi wa Lindi nao huujua mwezi kwa kazi yao. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Maji hayo huitwa maji ya bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, maji hayajai sana wala hayapwi sana, na hayo huitwa maji mafu. Wavuvi walilijua jambo hili kwa kutazama na kukumbuka, kabla ya mtu yeyote kuwaeleza sababu yake.

3. Hadithi za Afrika Mashariki

*(a) Wamasai: Jua na mwezi wapigana*

Wamasai husimulia kwamba hapo kale jua lilimwoa mwezi. Siku moja mume na mke wakagombana, wakapigana hata wakaumizana. Jua likapata majeraha usoni, na mwezi naye akaumia, hata jicho lake moja likaharibika. Jua likaona haya kwa majeraha yake, likaanza kung'aa kwa ukali ili watu wasiweze kulitazama. Mwezi hakuona haya. Ndiyo sababu twaweza kuutazama uso wake na kuziona alama za kupigwa.

Husimulia pia kwamba jua na mwezi husafiri kwa njia moja. Mwezi akichoka, jua humbeba. Katika siku hizo chache za kubebwa, hakuna mtu awezaye kumwona. Baadaye jua humshusha upande wa machweo, naye huonekana tena.

*(b) Waluhya: Ndugu wawili wapigana mieleka*

Waluhya wa magharibi ya Kenya husimulia kwamba jua na mwezi ni ndugu, nao waliumbwa na Mungu. Mwanzoni mwezi ndiye aliyekuwa mkubwa na mwenye mwanga mwingi. Jua likamwonea wivu, wakashikana mieleka. Mara ya kwanza jua lilianguka, likaomba radhi, likasamehewa. Mara ya pili jua lilimwangusha mwezi katika tope, naye akachafuka mwili mzima, na mwanga wake ukafifia. Mungu akawatenganisha. Jua likapewa mchana, na mwezi akapewa usiku.

*(c) Wachagga: Watu wa mwezini wasiojua moto*

Wachagga wa Kilimanjaro husimulia habari za kijana aitwaye Murile. Aligombezwa nyumbani, akaketi juu ya kigoda, na kigoda kikampaa juu mpaka mbinguni. Huko akawafikia watu wa mwezini, akawakuta wanakula chakula kibichi kwa kuwa hawakuujua moto. Murile akawafundisha kuwasha moto na kupika. Mtemi wao akafurahi, wakampa ng'ombe wengi, naye akarudi kwao akiwa tajiri.

4. Hadithi za nchi nyingine

Katika kusini ya Nigeria husimuliwa kwamba hapo kale jua na mwezi waliishi duniani, na jua lilikuwa rafiki wa maji. Jua likamwalika maji nyumbani, likajenga nyumba kubwa kwa ajili yake. Maji akaja pamoja na samaki na viumbe vyake vyote. Akajaa chumbani, akafika magotini, akafika darini. Kila mara maji aliuliza kama aendelee, na kila mara jua halikutaka kumvunja rafiki yake moyo. Mwishowe jua na mwezi wakapanda juu ya paa, na kutoka paani wakakimbilia mbinguni, wakakaa huko hata leo.

Wakhoikhoi wa kusini ya Afrika husimulia kwamba mwezi alimtuma sungura kwa watu na ujumbe huu: kama mimi ninavyokufa na kufufuka, ninyi nanyi mtakufa na kufufuka. Sungura akaugeuza ujumbe, akasema kwamba watu watakufa na kutoweka. Mwezi akakasirika, akampiga sungura mdomoni kwa kipande cha mti. Tangu siku hiyo mdomo wa sungura umepasuka katikati.

Wamisri wa kale walimwita mungu jua Ra. Walisema kwamba mchana Ra husafiri kwa mashua kutoka upande mmoja wa mbingu hadi upande wa pili. Usiku hupita chini ya dunia, akapambana na nyoka mkubwa, kisha akatokea tena mashariki.

Wachina husimulia habari za mwanamke aitwaye Chang'e, aliyekunywa dawa ya uhai akapaa hadi mwezini. Wanasema kwamba huko anaishi pamoja na sungura atwangaye dawa kinuni. Ukiyatazama madoa ya mwezi mpevu, Mchina atakuonyesha masikio ya sungura huyo.

*Zoezi la 1*
Muulize mzee wa nyumbani kwenu au wa kijijini: zamani watu walisema nini juu ya madoa ya mwezi? Walifanya nini mwezi au jua lilipopatwa? Andika majibu katika daftari lako. Andika pia jina la jua na jina la mwezi kwa lugha ya kabila lako. Linganisha majibu yako na ya wenzako darasani.

5. Waliotunga hadithi waliona nini?

Tusiseme upesi kwamba hadithi hizi ni maneno ya bure. Kila moja imehifadhi jambo ambalo mtu aliliona kwa macho yake.

Wamasai waliona kwamba jua halitazamiki, na kwamba mwezi hutoweka siku mbili au tatu wakati unapokuwa karibu na jua mbinguni. Ukichunguza utaona hivyo hivyo. Mwezi mkongwe huonekana alfajiri upande wa mashariki, mbele kidogo ya jua. Kisha hupotea. Halafu hutokea jioni upande wa magharibi, nyuma kidogo ya jua.

Waluhya waliona kwamba mwanga wa mwezi ni hafifu na uso wake una madoa. Wakhoikhoi waliona kwamba mwezi hupungua hata ukaisha, kisha ukarudi. Wachagga walisema kwamba watu wa mwezini hawana moto, na sisi twajua kwamba mwanga wa mwezi hautii joto. Nyosha mkono wako kwenye mbalamwezi, hutasikia joto lolote.

Basi waliyoyaona yalikuwa ya kweli. Swali linalobaki ni hili: je, sababu zilizotajwa ni za kweli? Hapo ndipo tunapohitaji vipimo.

6. Jaribio la kwanza: Kivuli cha fimbo

*Vifaa:* fimbo iliyonyoka, uzi wenye jiwe dogo la kupimia wima, futi kamba au rula, vijiti vidogo, saa.

*Mambo ya kufanya:*
1. Chagua uwanja tambarare usio na kivuli cha miti. Chimbia fimbo hata ibaki juu ya ardhi mita 1 kamili. Hakikisha kwa uzi na jiwe kwamba imesimama wima.
2. Kila baada ya saa moja, tangu saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, chomeka kijiti kidogo kwenye ncha ya kivuli. Pima urefu wa kivuli na uuandike.
3. Tafuta wakati ambapo kivuli ni kifupi kuliko nyakati zote. Huo ndio wakati wa adhuhuri ya jua.
4. Rudia jaribio hili mara moja kila mwezi, kwa mwaka mzima.

*Matokeo:* Mjini Nachingwea kivuli cha adhuhuri cha fimbo ya mita 1 kinatakiwa kuwa karibu hivi:

Tarehe 21 Machi: sentimita 18, kuelekea kusini.
Tarehe 21 Juni: sentimita 67, kuelekea kusini.
Tarehe 23 Septemba: sentimita 18, kuelekea kusini.
Tarehe 20 Oktoba: hakuna kivuli.
Tarehe 22 Desemba: sentimita 23, kuelekea kaskazini.
Tarehe 22 Februari: hakuna kivuli.

Mara mbili kila mwaka, basi, jua hupita juu ya utosi wa mtu wa Nachingwea. Mwezi wa Oktoba hupita kama saa 6 na dakika 10 mchana. Mwezi wa Februari hupita kama saa 7 kasoro dakika 20. Mji wa Ruangwa uko kaskazini kidogo kuliko Nachingwea, kwa hiyo huko siku hizo hutofautiana kwa siku moja hivi. Mtu anayeishi Ulaya hawezi kuliona jambo hili nyumbani kwake hata akikaa miaka 100.

*Maelezo:* Kivuli kinaonyesha kwamba jua hubadili mahali pake mbinguni. Lakini je, ni jua linalokwenda, kama mashua ya Ra, au ni sisi tunaokwenda? Kivuli peke yake hakiwezi kujibu. Ukisafiri kwa basi kutoka Nachingwea kwenda Masasi, utaona miti ya kando ya barabara inarudi nyuma, nawe wajua kwamba miti haiendi popote.

Mwaka 1851 Mfaransa Léon Foucault alifanya jaribio mjini Paris. Alining'iniza chuma kizito kwa waya wa urefu wa mita 67, akakiacha kibembee huku na huku. Kitu kinachobembea hivyo hushika mwelekeo wake. Lakini watu waliona kwamba kila saa mwelekeo huo ulihama kidogo kidogo juu ya sakafu. Kilichogeuka ni sakafu, pamoja na dunia nzima. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, na ndiyo sababu tunapata mchana na usiku. Tena dunia hulizunguka jua mara moja kwa mwaka, huku mhimili wake umeinama. Ndiyo sababu kivuli cha Juni hakifanani na kivuli cha Desemba.

7. Jaribio la pili: Maumbo ya mwezi

*Vifaa:* chungwa, kijiti, taa ya kandili au tochi, chumba chenye giza.

*Mambo ya kufanya:*
1. Chomeka kijiti katika chungwa ili upate mpini. Weka taa juu ya meza. Taa ni jua, chungwa ni mwezi, na kichwa chako ni dunia.
2. Elekea taa. Nyosha mkono na uliinue chungwa mbele yako, juu kidogo kuliko kichwa. Upande unaouona una giza. Huu ni wakati mwezi hauonekani.
3. Geuka polepole kuelekea kushoto, mkono ukiwa umenyoshwa. Utaona ukingo mwembamba wa mwanga. Hiyo ni hilali, yaani mwezi mchanga.
4. Endelea kugeuka. Utaona nusu ya chungwa ina mwanga, na ukiipa taa kisogo, utaona mviringo kamili. Huo ni mwezi mpevu.
5. Endelea mpaka urudi mahali ulipoanza. Mwanga utapungua vile vile ulivyoongezeka.

*Maelezo:* Chungwa halikuliwa wala halikupigwa. Nusu yake moja ilikuwa na mwanga wakati wote. Kilichobadilika ni sehemu ya nusu hiyo uliyoweza kuiona. Mwezi hauna mwanga wake wenyewe; huakisi mwanga wa jua. Huizunguka dunia, na kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu.

*Zoezi la 2*
Kwa siku 30 utafute mwezi kila siku, jioni au alfajiri. Chora umbo lake, andika saa na upande wa mbingu ulikoonekana. Je, hilali ya kwetu imesimama wima au imelala kama jahazi? Mwezi mpevu huchomoza saa ngapi? Siku inayofuata huchelewa kwa dakika ngapi?

8. Jaribio la tatu: Ukubwa na umbali

Katika hadithi nyingi jua na mwezi ni ndugu, au ni mke na mume, kwa kuwa tukivitazama vinaelekea kulingana kwa ukubwa. Hebu tupime.

*Vifaa:* punje moja kubwa ya mbaazi, punje moja ya ufuta, kamba, rula.

*Mambo ya kufanya:*
1. Chora ukutani au ubaoni duara lenye upana wa mita 1. Hilo ni jua.
2. Tembea kutoka hapo mita 108, yaani kupita kidogo urefu wa uwanja wa mpira. Weka punje ya mbaazi. Hiyo ni dunia.
3. Weka punje ya ufuta umbali wa sentimita 28 kutoka kwenye mbaazi. Huo ni mwezi.

*Maelezo:* Upana wa jua ni kilometa 1,392,000 hivi, na upana wa mwezi ni kilometa 3,475 hivi. Jua limeuzidi mwezi kwa upana mara 400. Lakini jua liko umbali wa kilometa milioni 150 hivi, na mwezi uko umbali wa kilometa 384,000 hivi tu. Jua liko mbali mara 400 hivi kuliko mwezi. Kwa hiyo machoni petu vitu hivi viwili vinaonekana sawa. Ukishika kifuniko cha chupa karibu na jicho lako, kinaweza kuuficha mwembe mzima ulio mbali. Vivyo hivyo mwezi, ijapokuwa ni mdogo, unaweza kulificha jua.

Na yale madoa? Ni nyanda pana za mawe meusi yaliyotokana na mawe ya moto yaliyoyeyuka na kupoa zamani sana. Tarehe 20 Julai 1969 Wamarekani Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua juu ya uwanda mmoja wa namna hiyo. Safari sita za Wamarekani, tangu 1969 hadi 1972, zilileta duniani kilo 382 za mawe na udongo wa mwezi. Wachina nao walipotuma vyombo vyao mwezini walivipa jina la mwanamke wa hadithi yao. Chombo cha Chang'e 5 kilileta udongo mwaka 2020. Chang'e 6 kilileta udongo mwaka 2024 kutoka upande wa mwezi ambao hauonekani kamwe kutoka duniani. Wachina hawakuitupa hadithi yao kwa sababu ya sayansi, wala hawakuitumia hadithi kupigia hesabu za safari.

9. Kupatwa kwa jua na kupatwa kwa mwezi

Hakuna jambo la mbinguni lililowatia watu hofu kuliko kupatwa kwa jua. Wachina wa kale walisema kwamba joka linalila jua, wakapiga ngoma na vyombo ili kulifukuza. Watu wa kaskazini ya Ulaya walisema kwamba mbwa mwitu analikimbiza jua na siku moja humkamata. Jua lilipong'aa tena, waliopiga kelele waliona kwamba kelele zao zimefaa. Hawakujaribu kunyamaza ili waone kama jua litarudi lenyewe.

Mwaka 632 mjini Madina, Mtume Muhammad alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema kwamba jua limepatwa kwa sababu ya kifo hicho. Mtume aliwafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kifo wala uhai wa mtu yeyote. Ijapokuwa alikuwa katika msiba mkubwa, hakuliacha kosa hilo lienee.

Jua hupatwa mwezi unapopita katikati ya jua na dunia, na kivuli cha mwezi kikaanguka juu ya dunia. Mwezi hupatwa dunia inapokuwa katikati, na mwezi ukaingia katika kivuli cha dunia. Mambo haya hayatokei kila mwezi, kwa sababu njia ya mwezi imeinama kidogo, nyuzi 5 hivi. Mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa hapa Tanzania. Watu wengi walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama. Siku hiyo mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, kwa hiyo haukulifunika jua lote. Katikati ya njia ya kivuli, jua lilibaki kama pete ya moto. Mahali ambapo kupatwa kulifikia kilele chake palikuwa kusini mwa nchi yetu, muda mfupi baada ya saa 6 mchana, na pete ilidumu kwa kama dakika 3. Mji wa Nachingwea ulikuwa kaskazini kidogo ya njia hiyo. Huko jua halikuwa pete, bali lilibaki kama hilali nyembamba.

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi nao ulipatwa. Tangu saa 2 na nusu usiku ulikuwa wote ndani ya kivuli cha dunia kwa dakika 82, nao ukawa na rangi nyekundu kama shaba. Rangi hiyo si damu. Ni mwanga wa jua uliopita katika hewa inayoizunguka dunia. Ni ile rangi nyekundu tunayoiona jua linapokuchwa.

Wataalamu huzijua siku hizi kabla hazijafika, kwa hesabu. Wamekwisha kupiga hesabu kwamba tarehe 21 Mei 2031 jua litapatwa tena kwa umbo la pete, na njia ya kivuli itapita Tanzania. Hiki ni kipimo kikubwa cha jibu la sayansi: linaweza kutaja siku kabla haijafika, na kila mtu akaja kuona kama ni kweli.

*Namna ya kuona jua likipatwa bila kuumiza macho*

1. Toboa tundu dogo kwa sindano katikati ya karatasi ngumu.
2. Lipe jua mgongo. Shika karatasi ili mwanga wa jua upite tunduni.
3. Weka karatasi nyeupe katika kivuli, umbali wa mita 1 hivi. Utaona picha ndogo ya jua. Jua likipatwa, picha hiyo itakuwa na umbo la hilali.
4. Tazama pia chini ya mkorosho au mwembe. Nafasi ndogo kati ya majani hufanya kazi kama matundu ya sindano, na ardhi hujaa hilali nyingi za mwanga.

Usitumie miwani ya kawaida, kioo kilichopakwa masizi, filamu ya picha ya hospitali, wala sura ya jua katika maji ya ndoo. Vitu hivi hupunguza ukali wa mwanga, lakini havizuii jicho kuungua. Waeleze pia wadogo zako. Wakati wa kupatwa, hatari ya kweli ni kulitazama jua. Kutoka nje, kula na kufanya kazi hakuna madhara.

10. Mambo ya kukumbuka

1. Watu wa nchi mbalimbali wametunga hadithi za jua na mwezi baada ya kuyaona kweli mambo ya mbinguni.
2. Hadithi hutunza kumbukumbu na mafundisho ya watu. Tuzihifadhi, na tuwaulize wazee wetu kabla hazijapotea.
3. Sababu ya jambo la mbinguni hupatikana kwa kupima, kuandika na kurudia kipimo.
4. Dunia hujizungusha na hulizunguka jua. Mwezi huizunguka dunia na huakisi mwanga wa jua.
5. Kupatwa kwa jua na mwezi ni vivuli. Si dalili ya msiba wala kosa la mtu.
6. Jua halitazamwi kwa macho matupu.

Maswali

1. Kwa nini neno "mwezi" lina maana mbili?
2. Taja jambo moja la kweli lililomo katika hadithi ya Wamasai, na jingine katika hadithi ya Waluhya.
3. Mwezi wa Juni, saa ya adhuhuri, kivuli cha mtu wa Nachingwea huelekea upande gani? Na mwezi wa Desemba? Eleza sababu.
4. Fimbo ya mita 1 ina kivuli cha sentimita 67 tarehe 21 Juni. Mkorosho wenye urefu wa mita 6 utakuwa na kivuli cha urefu gani saa hiyo hiyo?
5. Kwa nini mwezi unaweza kulificha jua ijapokuwa ni mdogo kuliko jua mara 400 kwa upana?
6. Kupatwa kwa mwezi hutokea wakati gani: mwezi mchanga, mwezi nusu, au mwezi mpevu? Tumia chungwa na taa kuthibitisha jibu lako.
7. Mtu anasema kwamba ngoma ndizo zilizolirudisha jua. Ungefanya jaribio gani ili kujua kama asemayo ni kweli?

Kazi ya darasa

Kusanyeni hadithi zote mlizozipata katika Zoezi la 1. Ziandikeni katika daftari moja la darasa, na chini ya kila hadithi andikeni mambo mawili: aliyeitunga aliona nini, na sisi tumepima nini. Wekeni daftari hilo katika maktaba ya shule, ili wanafunzi wa mwaka ujao waendelee kuliandika.